Nywele za Nani Shavuni

Jumatatu, 8 Julai

Nywele shavuni tena asubuhi hii, na si zangu. Zimenata kwenye povu, nimezipitia na wembe bila kuziona, wembe ukaziba. Brashi imefika mwisho. Ukilishika fungu la nywele linacheza ndani ya mpini, gundi imeachia, na katikati pana upara unaoshindana na wangu.

Maji yalikuwa ya moto nilipoanza. Nilipofika kidevuni yalishapoa. Julai ya Olmotonyi haina adabu. Ukungu mpaka saa nne, Meru hauonekani, mgeni angeapa hapa hakuna mlima.

Mama watoto: “Si uende saluni upitishwe mashine kama wenzako?” Mashine inaacha vijiti. Na wembe bila povu la maana, keshokutwa shingo nzima vipele. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa kavu kavu, ncha inageuka na kuingia ndani ya ngozi. Nimemweleza. Akasema basi fuga. Nifuge! Zimeshakuwa nyeupe nusu, nusu nyeusi, wateja watadhani nimetoka kupiga lipu.

Jumanne, 9 Julai

Ujumbe kutoka kwa kijana wetu wa Leipzig. “Shikamoo bamdogo. Natua KIA tarehe 22. Mama mdogo kaniambia brashi imekufa. Unataka ya nywele gani?” Halafu picha, moja baada ya nyingine, mpaka simu ikagoma.

Kumbe wenzetu wanachagua. Kuna nywele za beja, za nguruwe, za farasi, na nyuzi za kiwandani. Beja ni mnyama wa huko kwao, ukoo mmoja na nyegere wetu anayevunja mizinga ya watu. Nywele nyingi za brashi hizo zinatoka China, kisha zinapangwa kwa madaraja. Za chini ni nyeusi na zinachoma. Za juu kabisa zina ncha nyeupe, laini, zinabeba maji mengi. Kijana anasema kuna kiwanda kinaitwa Mühle, kiko Stützengrün, jimbo lilelile la Saxony anakoishi, kinatengeneza brashi tangu 1945. Duka la karibu naye wanaziuza.

Nimembana aseme bei ya hiyo ya ncha nyeupe. Akaisema. Nikaweka simu chini. Kwa hela hiyo napata mbuzi mzima, na nywele zake juu.

Ila usiku huu nimeirudia ile picha. Mara mbili.

Alhamisi, 11 Julai

Gulio Ngaramtoni. Nilifuata misumari na tupa, nikajikuta nimechutama kwenye mitumba. Kati ya mikanda na vijiko, brashi ya kunyolea! Ya zamani, mpini mweupe uliogeuka rangi ya chai, nywele ndefu ngumu, nyeusi na kijivu. Elfu tatu. Muuzaji hajui hata ni ya nini, anasema ya kupakia keki.

Nilikuwa nimeshatoa noti. Bwana mifugo akanipiga begani. Mtu wa maneno yule, ukimwuliza habari za ndama anaanzia kwa Nuhu, lakini leo nimemsikiliza. “Hizo ni singa za farasi mzee. Unajua zimetoka wapi? Unajua zilisafishwa?” Sikujua. Akanisimulia hapo hapo, watu wanatupita na mikungu ya ndizi.

Vita Kuu ya Kwanza ilikata nywele za beja zilizokuwa zikipitia Urusi na Ujerumani. Wenye viwanda wakaingiza singa za farasi kutoka mashariki, wakazitia rangi zifanane na beja, nyingine bila kuua vijidudu. Askari wa Uingereza na wa Marekani wakanyoa, wakajikata kidogo kama kila mtu anavyojikata, wakapata kimeta. Usoni, shingoni. Wengine wakafa. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani.

Kimeta! Neno hilo hapa halihitaji kamusi. Nani asiyekumbuka Selela, kule Monduli, Desemba 2016, nyumbu wamelala kila mahali na watu wanaambiwa wasiguse mzoga. Bwana mifugo anasema mbegu ya ugonjwa ule inakaa ardhini miaka na miaka, jua na mvua haziiwezi, na maji ya chai hayaiwezi pia. Ndiyo maana mzoga haupasuliwi.

Nikarudisha brashi kwenye turubai. Muuzaji akashusha mpaka elfu moja. Hapana, ndugu yangu. Hata bure.

Nikanawa mikono bombani. Bwana mifugo akacheka: singa za siku hizi zinapita kwenye mvuke, nyingine zimekatwa tu kwenye mkia na shingo, farasi yuko hai anakula nyasi zake. Sawa. Lakini farasi nimemfuta kwenye orodha. Sitaki kila nikijikata nimkumbuke yeye.

Ijumaa, 12 Julai

Nguruwe basi. Huyu tunafahamiana, miaka yote niko naye karakana. Brashi nzuri ya vanishi ni nywele za nguruwe wa China. Ukiitazama kwenye mwanga, kila unywele ncha yake imepasuka vipande viwili vitatu, na hapo ndipo vanishi inaposhika. Ukiitumbukiza kwenye rangi ya maji inanyonya, inalegea, haina tena mgongo. Ndiyo maana rangi ya maji tunaipiga kwa nailoni.

Nikawaza: kulegea huko, ambako kwenye ukuta ni kasoro, shavuni si ndiko kunakotakiwa?

Nimejaribu. Brashi mpya ya inchi moja, nimeiosha kwa sabuni, nikaiacha ndani ya kikombe cha maji moto tangu jana usiku. Leo alfajiri nikaisugulia kipande cha sabuni, nikajipaka. Mwanzo inakwaruza, unasikia kila unywele. Baada ya dakika moja inatulia. Povu zito! Limesimama lenyewe, halichuruziki shingoni. Na ule mkwaruzo, nikiri, ni mtamu, unaamsha uso kabla ya chai. Kijana anasema za kunyolea zinaanza hivyo hivyo ngumu, Waitalia wa Omega kule Bologna ndio wanaozijua sana, na kadiri unavyotumia ncha zinaendelea kupasuka, inazidi kulainika. Mpya hainipendi, ya mwaka itanipenda.

Mama watoto alinikuta na brashi ya rangi usoni. Hakusema neno. Alimwita binti aje kuona.

Fundi mwenzangu nilipomweleza alirudi hatua nyuma. Yeye Mwislamu. Brashi zake za nailoni zina msumari wake ukutani, upande wa dirisha, na zangu sizitundiki pale. Hatujawahi hata kulijadili, ndivyo ilivyo tu. “Mimi huyo mdudu usoni? Astaghfirullah.” Kisha, akinoa patasi, bila kunitazama: “Hiyo ya nailoni inauzwaje?”

Kumbe na yeye anayo shida ya vipele.

Jumapili, 14 Julai

Baridi hata kanisani, kwaya inatoa mvuke.

Nimepita kwa Yeyo, mama yangu. Nimemwambia habari za brashi, akanitazama kama aliyezaa mtu wa ajabu. Enzi zao vijana walinyolewa na mama zao, maziwa yaliyochanganywa na maji, kiganja tu. “Kwani mkono umekatika?” Akanishika kidevu akakigeuza kwenye mwanga, akakuta nilipoacha, chini ya taya. Mzee mzima nashikwa kidevu.

Nyuma ya nyumba kuna lile tawi la mti wa oloirien lililoanguka mwaka juzi, kaka analikalia akikoboa mahindi. Kavu kabisa. Zito. Nimeligonga, linalia. Nikaomba kipande, nikapewa, na chakula cha loshoro juu.

Sijui kwa nini nimekibeba. Au najua.

Jumatano, 17 Julai

Mvua nyembamba tangu asubuhi. Nimeangalia ile brashi ya inchi moja niliyoitundika Ijumaa: mzizi bado una unyevu, na inaanza kunuka. Nguruwe amejimaliza mwenyewe. Hapa kwetu kitaulo kinakaa siku mbili kwenye kamba na bado mbichi. Nywele za mnyama, zinazonyonya maji mpaka ndani, zitakauka lini? Na beja naye ni hivyo hivyo, tena amejaa zaidi. Ningekuwa Dar es Salaam au Tanga ningesema nguruwe bila kufikiri, upepo wa mchana unaikausha. Hapa, kuanzia Juni mpaka Agosti, nitakuwa nanyoa na uvundo.

Nyuzi hazinyonyi. Unakung’uta mara tatu, imeisha. Hazihitaji kulowekwa, na asubuhi za kuwahi daladala hilo nalo ni jambo. Nilikuwa nazidharau kwa sababu ya zile za zamani, ngumu kama fagio, zilizorusha povu ukutani. Kijana ananiambia za sasa uzi unachongwa uwe mwembamba kuelekea nchani, ndipo ulaini unapotoka. Kasoro yake: hazishiki maji, kwa hiyo inabidi uongeze tone tone bakulini, na povu lina haraka kuliko ladha. Ule mkwaruzo mtamu pia haupo.

Hapo ndipo nilipokwama mchana kutwa. Nataka mkwaruzo. Kidogo.

Jioni kijana akanijibu kitu ambacho seremala nilipaswa kukifikiria kabla ya yeye mpiga kompyuta. Fungu la nywele linauzwa peke yake, bila mpini! Mtu anatoboa mpini wake, anagundisha. Na kina cha tundu ndicho kinachoamua: ukilizamisha sana, nywele zinazobaki juu ni fupi, zinasimama, zinasukuma. Ukilinyanyua, ni ndefu, zinalala, laini. Uzi uleule, fungu lilelile, milimita chache tu.

Nimemwandikia: ya nailoni, kipenyo milimita 24. Mafungu mawili. Moja la fundi mwenzangu, analipa. Mipini asilete. Na Mühle wasinune, mpini nitachonga mwenyewe.

Mama watoto anauliza huyo kijana anakuja kutusalimia au anakuja kuleta vifaa.

Jumanne, 23 Julai

Amefika jana usiku, amenenepa, kavaa makoti mawili, anasema Leipzig wakati huu ni kaptula. Watoto wamemlia chokoleti zote.

Mafungu yamo kwenye kifuko kidogo. Nimeyapitisha shavuni kavu. Laini mno! Kama shavu halijaguswa. Nimevunjika moyo kidogo, sikumwonyesha. Nimepima: urefu wote milimita 65 pamoja na kitako cha gundi.

Kumbe mjanja ameongeza la tatu, la nguruwe, zawadi, “ukija kuhamia Tanga.” Nimelificha kabatini. Si karakana.

Jumamosi, 27 Julai

Oloirien si mti wa mchezo. Patasi imeliwa makali, nikainoa, ikaliwa tena. Lakini ukishaingia ndani! Kahawia iliyoiva, mistari myeusi inazunguka kama mtu amechora kwa wino. Fundi mwenzangu aliacha kazi ya mteja akaja kusimama kwenye mashine ya kukereza. Mpini nimeubana kiunoni ili vidole vyenye sabuni visiteleze, nimeuacha mfupi na kitako kipana, nisije nikauangusha sakafuni alfajiri. Wa kwake kaomba mrefu. Ana vidole virefu, sawa.

Gundi ya pakiti mbili, mafuta ya kitani kwanza yakauke vizuri, kisha vanishi tabaka nyembamba. Brashi ya vanishi, nailoni, ya msumari wake. Nimeiomba, kanipa.

Kwenye tundu ndipo tulipogombana. Fungu langu nimelizamisha mpaka zibaki milimita 48 juu. Nimebonyeza kwa kiganja: inarudi, inajibu, mkwaruzo upo kwa mbali. Lake nimelipima 54, kwa sababu shingo yake ina vipele vibichi na hahitaji kusukumwa. Akalinganisha, akaona lake refu, akasema nimemharibia. Nikamwambia refu ndilo laini. Akasema anataka kama langu.

“Kama langu utaumia.”

“Wewe umenijaribia shavu langu lini?”

Basi nimechomoa lake kabla gundi haijakaza, nimeongeza kina cha tundu, nimelishusha mpaka 50. Hataki 48, hataki 54. Kesho kutwa gundi ikiwa tayari ananyoa hapa hapa karakana, kwenye kioo cha kabati la mteja, na wembe wake mwenyewe, mimi nikiangalia.