Figo ya Tatu

Kaka yangu ana figo tatu. Mbili ni za kuzaliwa nazo. Zimesinyaa na hazifanyi kazi tena, ila madaktari waliziacha kwa kuwa hazimdhuru. Ya tatu ni yangu. Iko chini ya tumbo, upande wa kulia, karibu na nyonga, na ukiweka kiganja pale unaipapasa.

Kilichoziua zile mbili ni presha ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Kwetu Gitting, chini ya Mlima Hanang, mwanamume anayeendesha trekta kutoka alfajiri hadi jua kuzama haendi zahanati kupima kitu kisichouma. Miguu ilipoanza kuvimba tulisema ni baridi. Uso ulipovimba tukasema amerogwa, na wengine hadi leo hawajabadili kauli. Alipofika hospitali damu yake ilikuwa imejaa taka, na kuanzia hapo ikabidi isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mtu hawezi kuishi Gitting akasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alipanga chumba mjini, shamba la ngano likalimwa nusu, ng'ombe wakaanza kuondoka zizini mmoja mmoja.

Miaka michache nyuma habari yake ingeishia hapo, au kwenye harambee ya kwenda India. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza nchini Novemba 2017, wakisaidiwa na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa wataalamu wa Kijapani wa Tokushukai. Kwetu sisi maana yake ilikuwa moja tu: safari ya basi kupitia Singida badala ya ndege.

Kikao cha ukoo cha kuamua nani atoe figo kilikaa kwa Aayo, mama yetu. Nilikuwa nimeshaolewa, kwa hiyo mwili wangu ulikuwa na wasemaji wengi. Mama mkwe alisema wazi kwamba walinioa nikiwa mzima na wangependa nibaki mzima. Mume wangu hakusema neno siku hiyo. Usiku aliniuliza kama nitaweza kubeba kuni tena. Nikamjibu kwamba daktari kasema nitaweza, naye akasema basi, twende. Mzee mmoja wa ukoo akatoa slufay, maombi marefu ya kwetu, watu wakiitikia, na nakumbuka aliombea mvua, ndama na nyuki kabla hajafika kwenye figo.

Tulipimwa ndugu wote. Kundi la damu likawaondoa wawili. Kisha wakapima alama ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Nusu ya alama hizo mtu huzipata kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wana bahati moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Mimi na kaka tulilingana nusu. Inatosha, walisema, mradi anywe dawa maisha yake yote. Mwaka 1954, kule Boston, Joseph Murray na wenzake walifanikiwa bila dawa hizo kwa sababu aliyetoa figo na aliyepokea walikuwa pacha wa kufanana. Miili yao haikuona tofauti. Sisi wengine, hata kama tumenyonya ziwa moja, chembe nyeupe za damu zikikutana na nyama ya ndugu huishambulia.

Mwishoni mwa 2022 tukaingia chumba cha upasuaji. Yangu ilipounganishwa ilianza kutoa mkojo kabla hawajamshona. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, na kovu likanikomesha.

Alirudi Gitting na masharti ambayo yaliwaudhi watu kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kukosa: takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni. Maziwa yachemshwe. Asilale nyumba moja na ndama. Asinywe mitishamba ya mtu yeyote, hata ya Aayo. Takrolimasi yenyewe, tuliambiwa, hutengenezwa na vijidudu vilivyopatikana mwaka 1984 kwenye udongo wa eneo la Mlima Tsukuba, Japani. Kaka akauliza kama kuna mtu ameshachukua udongo wa Hanang kuupima. Nadhani hakuwa anatania.

Katikati ya 2023 kreatinini ilianza kupanda. Hiyo ndiyo taka wanayoipima kwenye damu kujua figo inachuja vipi. Ikipanda, figo inashindwa. Ilikuwa 115, ikawa 140, kisha 190. Kaka hakusikia maumivu yoyote. Alikuwa anakula, anatania, anapandisha bei ya kulimia watu mashamba.

Tulidhani mwili wake umeanza kuikataa figo. Hata daktari alilifikiria hilo kwanza, lakini hakuongeza dawa. Alisema kreatinini ikipanda kwa mtu aliyepandikizwa, kuna sababu mbili kubwa ambazo tiba zake zinapingana. Ikiwa kinga inaishambulia figo, unaongeza dawa za kuituliza. Ikiwa kirusi ndicho kinachoila, unazipunguza ili kinga iamke na kupigana. Ukikosea ukaongeza mahali pa kupunguza, umekifungulia kirusi mlango. Wakampima virusi kwenye damu, wakachukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano. Hata kile kinyama hakisomeki kirahisi, kwa sababu uvimbe unaoletwa na kirusi na ule wa figo kukataliwa hufanana chini ya hadubini. Lazima watie rangi maalumu inayokitafuta kirusi chenyewe.

Kilikuwa kirusi cha BK. Herufi hizo ni za jina la mgonjwa kutoka Sudan aliyepandikizwa figo London. Sylvia Gardner na wenzake walikikuta kwenye mkojo wake na kukitangaza mwaka 1971. Karibu kila mtu hukipata utotoni, huenda kwa mafua madogo ambayo hakuna mama anayeyakumbuka, kisha kinajificha kwenye figo na njia ya mkojo, kimya, miaka yote. Kinga hukibana pale pale. Kinapata nafasi pale kinga inapotulizwa kwa dawa.

Niliuliza kimetoka wapi. Daktari alisita, na kusita kwake kulikuwa jibu tosha. Mara nyingi, alisema, huja na figo yenyewe, kutoka kwa aliyeitoa.

Siku ile kwenye basi la kurudi Katesh nilikaa dirishani nikihesabu nguzo za umeme nisiwaze. Nilikuwa nimempa kaka figo pamoja na kitu nilichoambukizwa nikiwa mtoto nachunga ndama, na ndicho kilichokuwa kinaila. Kilicholala ndani yangu kwa miaka zaidi ya thelathini kiliamka kilipohamia kwake, kwa sababu pale kilikuta walinzi wamenyweshwa dawa. Katika figo niliyobaki nayo huenda kipo vilevile. Mimi kinga yangu inakitosha. Yake ilikuwa imefungwa mikono ili isiniue mimi nilipo ndani yake. Sijui kama sentensi hiyo ina maana kwa mtu ambaye hajatoa kiungo.

Habari ilifika mashineni kabla yangu, pale tunaposaga mahindi. Dada kampa kaka figo yenye ugonjwa. Mwanamke mmoja alilisema hilo nikiwa kwenye foleni na debe langu, akijua nasikia. Ningeweza kumwambia kwamba hata yeye anacho, na mume wake, na yule kijana anayewasha mashine. Nilinyamaza, nikasaga, nikaondoka.

Wakapunguza maikofenoleti, kisha takrolimasi. Hakuna dawa ya uhakika ya kuua BK. Kilichopo ni kuiachia kinga kidogo na kusubiri. Daktari alisema ni kama kamba ya fahali mkali: ukikaza sana anakabwa, ukilegeza sana anakuvamia. Kila baada ya wiki chache kaka alipanda basi kwenda kupimwa virusi na kreatinini, kwa pamoja, maana hofu sasa ilikuwa imegeuka. Virusi vikishuka huku kreatinini ikiruka ghafla, ni kinga imeamka vya kutosha kuiona figo.

Iliamka kidogo. Novemba walimpa sindano za steroidi siku chache, wakasimama, wakapima tena virusi, wakasubiri. Shemeji, mwalimu wa hesabu, alichora mistari miwili kwenye daftari la shule, mmoja wa virusi, mmoja wa kreatinini, na daktari akamwomba amwachie daftari hilo awaonyeshe wanafunzi wake.

Tulikuwa katikati ya mambo hayo Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani yakaingia Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Kaka alitaka kwenda kufukua. Ana trekta, ana mikono, waliozikwa ni watu anaowajua. Tulimkatalia, kwa sababu tope lile na umati ule vingemmaliza mtu mwenye kinga nusu. Alimkabidhi mwanawe ufunguo wa trekta, akabaki nyumbani, na wiki nzima hakutusemesha. Akiba ya dawa aliyokuwa nayo ilitosha mpaka njia ikapitika.

Mwaka uliofuata virusi havikuonekana tena kwenye damu. Kreatinini ilitulia kwenye 150 na kitu na haijarudi 115. Sehemu iliyopata kovu haioti upya. Daktari hakutaka kutaja ni miaka mingapi itadumu, nami niliacha kumuuliza. Anaendelea na dozi ndogo, anapimwa, analima.

Yule mwanamke wa mashineni alikuja kwangu jioni moja. Mumewe kavimba miguu, wamepimwa, wameambiwa figo. Aliuliza kama kijana wao mkubwa anaweza kutoa moja, na kama mwenye kutoa huumia. Nilimwonyesha kovu. Nikamwambia waanze na kundi la damu, na presha ya kijana ipimwe kabla ya kitu kingine chochote.