Katwe, Mtaa Unaosikika Kabla ya Kuonekana

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Kampala kwa barabara ya Entebbe hana haja ya kuuliza Katwe iko wapi. Akiisha kuupita mnara wa saa na kuendelea kidogo, masikio yake yatamwambia. Kwanza husikia kitu kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha mvua ile hugawanyika, naye akatambua nyundo moja moja, na tupa, na mashine ya kukatia chuma ikipiga ukelele unaopenya hata dirisha la basi lililofungwa. Hapo ndipo chuma chakavu cha mji mzima kinapopata maisha ya pili. Kando ya njia yamepangwa majiko ya makaa, sufuria, toroli, malango ya nyumba za wenye nafasi, mashine za kukaangia bisi, na yale masanduku ya bati yaliyopakwa rangi ambayo mwanafunzi wa shule ya bweni katika Uganda hutambulikana kwayo.

Sanduku ndilo lililotupeleka. Binti yangu alikuwa akijiandaa kuingia kidato cha kwanza, na babu yake, yaani baba yangu mzazi, alishika neno kwamba kuchagua sanduku ni kazi ya mtu aliyeishi kambini, si ya karani wa serikali. Sikubishana naye. Baba ni askari polisi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa kuwafundisha makuruti kulenga shabaha. Sisi watoto tulimjua kuwa mtu mkali. Ulimwamkia asubuhi, pengine akapita kimya. Ulimsimulia habari za shule, akakukatiza kwa swali lisilohusiana. Redio yake ilisikika hadi nyumba ya tatu. Mama alituambia kwamba mzee amechoka, nasi tukakua tukiamini kuwa uchovu wa polisi hauishi.

Fundi tuliyemkuta alikuwa mtu wa makamo, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Alimtambua baba kwa jinsi alivyosimama tu, akaacha Kiganda na kumwamkia kwa Kiswahili cha jeshini: "Karibu, Afande." Baba alilikagua sanduku moja la buluu, akajaribu bawaba, akagonga kitako, akauliza bei.

"Afande, hilo ni elfu tisini."

Baba akahesabu elfu sitini, akaziweka juu ya fuawe, akalinyanyua sanduku na kugeuka kwenda zake. Fundi akalishika kwa nyuma. Baba akang'aka: "Umesema sitini mwenyewe!" Fundi akaapa kwamba hakusema hivyo. Vijana wakaacha nyundo na kutuzunguka, na nilisikia mmoja akinong'ona kuwa wazee wa serikali wamezoea kuchukua vya watu. Uso wa baba ulibadilika. Nadhani aliona midomo ikisema asichokisikia. Nikasimama kati yao, na hapo, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kuwa mwanawe, nikafahamu.

Msomaji na ayatamke maneno hayo mawili polepole: sitini, tisini. Irabu zake ni zile zile na urefu wake ni ule ule. Tofauti yote imo katika kubadilishana nafasi kwa s na t, herufi nyembamba zinazotoka kwenye ncha ya ulimi na meno. Sikio lililoumizwa na kelele hupoteza kwanza sauti nyembamba za namna hiyo. Irabu, ambazo ni nene, hubaki. Kwa hiyo mtu huyo husikia kwamba unasema, ila hasikii unachosema, naye hukasirika kwa haki akidai kwamba watu wa siku hizi hunung'unika badala ya kunena. Kwake paka, kaka na taka ni neno moja.

Ndani kabisa ya sikio kimo kiungo kilichojiviringa kama konokono, na ndani yake chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Sauti huziinamisha kama upepo unavyoinamisha nyasi. Upepo ukiwa wa kadiri, nyasi huinuka. Ukiwa mkali mno au ukivuma siku zote, hulala zisiinuke tena, na chembe hizo kwa binadamu haziotI upya zikiisha kufa. Wataalamu hupima ukali wa sauti kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwa sauti ya 85 mtu aweza kufanya kazi saa 8 kwa siku. Lakini kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu, hata ikifika 100 muda wa salama ni dakika 15 tu. Mashine ya kukatia chuma hufikia 100 bila taabu. Mlio wa bunduki hupita 150, na huo hauna hesabu ya dakika: mlio mmoja karibu na sikio tupu waweza kutosha.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika habari za wafua shaba wa Venice, waliokaa mtaa mmoja wakigonga kutwa hata wakawa viziwi. Nilipoyasoma hayo niliona kama mtu aliyepita Katwe.

Ugomvi wetu aliumaliza fundi mwenyewe. Shingoni mwake zilining'inia kamba mbili zenye vizibo vya sponji. Alimtazama baba usoni, akatabasamu, akachukua chaki na kuandika 90,000 juu ya kifuniko. Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini na iliyo wazi: "Afande, usiku unasikia nyenje?"

Baba akashtuka. "Wewe pia unao?"

Naomba nieleze. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu kulikuwa na vita dhidi ya nyenje wa darini. Tulipanda ngazi, tukapuliza dawa, tukaziba matundu, na kaka yangu aliwahi kuanguka na kuteguka mkono kwa ajili ya nyenje hao, ambao hakuna mwingine yeyote aliyewasikia. Hawakuwa darini. Sikio likipungukiwa na sauti kutoka nje, ubongo huongeza bidii ya kusikiliza, na wengi husikia mlio usiokuwako: kwa mmoja ni nyenje, kwa mwingine filimbi, au birika linalochemka. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaujua, ingawa wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Wa baba umekaa.

Fundi alisema kwamba wake ulianza kwa mvumo wa jioni uliokoma asubuhi, naye akaudharau. Hilo ndilo kosa la wengi wetu. Masikio yakivuma baada ya kazi, au baada ya arusi uliyokaa mbele ya vipaza sauti, hiyo ni ilani. Sasa huvaa vizibo. Alimwonyesha baba namna: kukisokota kizibo kiwe chembamba, kuupitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, kukiingiza, kisha kukishikilia hadi kivimbe. Pamba haitoshi, nayo humdanganya mtu kuwa amejikinga. Asiye na kizibo na asogee mbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli kama 6. Na mama mwenye mtoto mgongoni asisimame penye vipaza sauti, kwani mtoto hawezi kusema kwamba anaumia.

Baadaye nilimpeleka baba kupimwa. Sikio la kushoto lilionekana bovu kuliko la kulia. Mpimaji, bila kuambiwa, akauliza kama mzee alikuwa mpiga bunduki wa mkono wa kulia. Anayelenga kwa bega la kulia huligeuzia mdomo wa bunduki sikio la kushoto, na la kulia hukingwa na kichwa chake mwenyewe. Katika uwanja wa shabaha alikofundisha, ambao sitautaja, walipewa kofia na viatu, masikio hayakukumbukwa.

Nyenje hawana dawa ya kuwafukuza, na auzaye dawa hiyo anauza maneno. Mafuta ya moto na njiti ya kiberiti ni hatari tupu. Lakini mlio ulio katika sikio moja tu, au unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, yafaa uangaliwe na daktari. Na usikivu ukipotea kwa ghafula, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani matibabu yakichelewa huenda yasifae. Kwa mlio wa kawaida adui ni ukimya wa usiku. Baba sasa hulala na redio ikinong'ona kando ya kitanda, na mvua ikinyesha juu ya bati hulala kama mtoto. Chombo cha kusaidia kusikia kimempunguzia nyenje pia, maana ubongo umepata kazi nyingine. Nasi tumejifunza kusimama mbele yake penye mwanga kabla ya kunena, wala hatupigi kelele, kwa kuwa kelele huyavuruga maneno. Juzi aliniuliza habari za ofisini, akasikiliza mpaka mwisho. Sikujua niseme nini zaidi, sikuwa nimejiandaa kwa urefu huo.

Sanduku tulilipata kwa elfu sabini na tano. Fundi alifuta nusu ya chaki na kuandika bei mpya, baba akaisoma, wakapeana mikono. Binti yangu ameondoka nalo shuleni na tarakimu zile bado ziko juu ya kifuniko, amekataa zisifutwe.