Madumu Sabini na Matano

Mji Mkongwe hauna majani. Nyumba zimeegemeana, vichochoro ni vyembamba, na ua wa ndani, kama upo, una sakafu ya mawe na labda chungu cha mrehani. Mtu akitaka kukanyaga majani hushuka Forodhani jioni pamoja na wageni na wauza pweza, au huenda Bustani ya Jamhuri. Kwa hiyo nilipopangiwa mwaka wangu wa kichungaji katika parokia ya Minara Miwili, siku niliyoisubiri kwa hamu ilikuwa Jumatatu, siku yangu ya mapumziko. Nilipanda daladala ya njia ya Tunguu kwenda nyumbani, kwenye uwanja wa majani wa baba.

Baba alifanya kazi ya bustani miaka mingi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Alipostaafu alirudi na mambo mawili: kisukari, na mapenzi ya majani yaliyokatwa vizuri. Kwetu ardhi ni maweni. Ukichimba kiganja kimoja unagonga jiwe. Akaagiza udongo wa kinongo kwa gari la ng'ombe, akauchanganya na samadi, akautandaza mita 10 kwa 6 mbele ya baraza. Chini ya mshelisheli, penye kivuli, alipanda majani ya Pemba, yale ya jani pana lenye ncha butu. Hayo hayapandwi kwa mbegu. Unakata vipande vya shina, unavifukia kimoja kimoja, shubiri kutoka hiki hadi kile, mvua za masika zinapoanza, kisha unaviacha vitambae. Penye jua aliweka ukoka, kwa sababu ukoka hauvumilii kivuli hata kidogo.

Kila asubuhi alivuka uwanja huo miguu peku, kisha akageuka kutazama alikopita. Nyayo zikinyanyuka upesi, majani yana maji. Zikibaki zimelala, yana kiu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na sikumwona akitumia kingine.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeandama siku chache kabla. Mtaa mzima ulikuwa umefunga, jirani zetu kwa namna yao na sisi kwa yetu. Ulikuwa mwishoni mwa kaskazi, jua linapokuwa kali kuliko wakati wote na masika bado hayajafika. Baba alikuwa amelazwa. Kidonda cha mguuni, ambacho hakukisikia kilipoanza kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kufa ganzi, kilimfanya akatwe kidole gumba. Paroko aliniruhusu nilale nyumbani ili nimsaidie mama, na kazi nyingine niendelee nazo mchana.

Nilikuta uwanja umekuwa rangi ya mkeka wa zamani. Nikajiambia kwamba baba akirudi akaukuta vile, atavunjika moyo mara ya pili. Nikaamua aukute wa kijani.

Kwanza niliukata, tena nikaukata hadi chini kabisa kwa fyekeo, nikidhani majani makavu yakiondoka mabichi yatachipua. Kumbe jani ndilo jiko la mmea. Ukiondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkupuo mmoja, mizizi hukosa chakula, na wakati wa kiangazi haina akiba ya kutosha. Kisha nikaona mfuko wa urea stoo, nikainyunyiza kama anayetia chumvi kwenye muhogo. Urea juu ya ardhi kavu huunguza. Halafu nikaanza kumwagilia kila jioni, maji kidogo kidogo ya juujuu, na mizizi inayozoea maji ya juujuu haina sababu ya kwenda chini. Asubuhi jua linaikuta palepale juu.

Baada ya wiki moja, majani hayakuwa ya kijani. Yalikuwa na mabaka. Nikafungua daftari la baba la enzi za hoteli. Ameandika kwa kalamu nyekundu: milimita 25 kwa wiki. Nikafurahi kupata kipimo. Nikaunga mpira kwenye tangi, nikaacha maji yaende.

Hesabu niliipiga baadaye, nikiwa nimechelewa. Milimita 25 juu ya mita moja ya mraba ni lita 25. Uwanja wetu ni mita za mraba 60. Hizo ni lita 1,500, yaani madumu sabini na matano ya lita ishirini, kwa wiki moja. Tangi letu linachukua lita 2,000. Maji ya bomba kwetu huja usiku, tena si kila usiku. Na kuna nyumba tatu za jirani ambazo hazina tangi. Tangu alipojenga, baba ameweka bomba moja karibu na ua wa makuti, na baada ya alasiri yeyote huja kuteka.

Ilikuwa karibu na magharibi. Nilisikia hodi, nikaenda. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, na binti yake, na madumu manne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Padri." Huniita hivyo ingawa bado sijafika huko, na nimechoka kumsahihisha. "Leo tumechelewa, nilikuwa nahangaika na futari."

Akafungua bomba. Likakohoa, likatoa uzi mwembamba wa maji, likanyamaza. Nyuma yangu mpira ulikuwa bado unatiririka matone yake ya mwisho, na uwanja mzima ulikuwa unameremeta. Akautazama. Akanitazama mimi.

"Aa, basi," akasema, wala hakuwa amekasirika. "Majani yamefuturu kabla yetu."

Mama alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alitoka na mtungi wa maji yetu ya kunywa, akaumimina wote kwenye dumu moja, halikujaa hata nusu. Adhana ililia wanapoingia kwao. Sisi tulilala na birika moja la maji, na mama hakusema neno, jambo ambalo kwake ni adhabu kubwa. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimekaa na vijana wa parokia tukisoma Laudato Si', ibara ya 30, pale Baba Mtakatifu Fransisko anaposema kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila mtu. Niliieleza vizuri sana.

Baba aliporudi, tulimshusha kwenye gari akaomba kiti chake kiwekwe barazani. Aliutazama uwanja kwa muda mrefu.

"Nani kakwambia uyamwagie?"

"Nilitaka uyakute mabichi, baba."

"Hotelini majani hayaruhusiwi kulala, mgeni kalipa. Hapa kaskazi yanalala. Umewahi kuniona mimi nikiyamwagia mwezi wa pili?"

Nikatafuta kumbukumbu, sikuipata. Kwa miaka yote hiyo mwezi wa pili nilikuwa seminarini, Bara. Likizo yangu ilinileta nyumbani mwezi wa sita, masika yamekwisha kupita, uwanja umejaa. Sikuwa nimewahi kuuona wakati wa kiangazi. Nilichokuwa nakiita uwanja wa baba kilikuwa uwanja wa mwezi wa sita.

Hapo nilikumbuka kitu tulichofundishwa katika Maandiko Matakatifu, na ambacho nilipata alama nzuri kwenye mtihani. Katika simulizi la kulishwa watu elfu tano, Marko peke yake ndiye anayetaja kwamba majani waliyokalia yalikuwa mabichi, na Yohana anasema Pasaka ilikuwa karibu. Nchi ile hupata mvua zake majira ya baridi. Ikifika kiangazi vilima vyake ni vya kahawia. Yesu aliwakalisha watu juu ya majani ambayo hakuna aliyeyamwagilia.

Baba aliniomba kisu. Aliniagiza nichimbe pale penye ukoka uliokauka, na vidole viwili chini ya udongo nikakuta shina jeupe, gumu, lenye jicho. Ukoka hujificha hivyo. Majani ya Pemba hayana shina la chini. Yote hutambaa juu, kwa hiyo pale nilipoyakata hadi chini na kuyatia urea, kwenye ukingo wa jua, yalikuwa yamekufa kweli.

Siku zilizobaki za Ramadhani nilisimama bombani mimi mwenyewe baada ya alasiri, nikajaza madumu ya watu na kuyabeba hadi mlangoni. "Padri, leo majani yamefunga?" mama yule aliniuliza kila siku, na kila siku binti yake alicheka upya. Sikukuu ya Idi walituletea sahani mbili za biriani. Mama alizirudisha na mikate ya kumimina, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Masika yalipoanza nilipanda upya vipande vya Pemba kwenye ukingo ule, shubiri kwa shubiri. Sikumwaga kitu. Mwezi wa tano ulipokuwa unakwisha, baba alikuwa barazani amevaa viatu vya kufunika, kama daktari alivyoamuru. Peku hataruhusiwa tena.

"Vua viatu upite," akaniambia.

Nikapita kutoka mshelisheli hadi kwenye ua.

"Geuka. Nyayo?"

"Zimenyanyuka."

"Zote?"

"Zote. Ila hapa karibu na bomba hapana majani kabisa, pamebaki udongo. Nipapande?"

"Hapo paache," akasema. "Ndipo wanapoweka madumu."