Stelingi Aliyebaki Angani

Sisi tuliokulia Ng'ambo katika miaka ya 1970 tulikuwa na kanuni moja ya sinema ambayo haikuandikwa popote: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini kabla taa za ukumbi hazijawashwa atasimama na kuwamaliza maadui zake mmoja baada ya mwingine. Kanuni hiyo tuliiamini kama tulivyoamini kwamba bahari hujaa na kupwa. Ndiyo maana usiku ule kaka yangu aliponichukua kwenda kuangalia Fist of Fury, tulitoka ukumbini kimya, tukafika nusu ya njia bila ya kusemezana, kisha tukaanza kubishana. Ubishi ule haujesha mpaka leo.

Filamu yenyewe ilitengenezwa Hong Kong na kutoka mwaka 1972, chini ya uongozaji wa Lo Wei. Bruce Lee ni Chen Zhen, kijana anayerudi Shanghai na kukuta mwalimu wake, Huo Yuanjia, ameshafariki. Huo alikuwa mtu wa kweli, bingwa wa mapigano aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1910. Chen Zhen ni wa kubuni. Matanga hayajesha, Wajapani wa chuo jirani wanaleta ubao wenye maandishi ya kuwaita Wachina wagonjwa wa Asia ya Mashariki. Chen anaubeba ubao ule, anaurudisha kwa wenyewe, anawapiga wote waliomo, kisha anawalisha maandishi yao. Baadaye anagundua kwamba mwalimu wake alilishwa sumu. Analipiza kisasi, na mwisho, ili chuo chake kisifungwe, anajitoa kwa askari. Anakimbia kuelekea kwenye mitutu ya bunduki, anaruka, na picha inaganda yeye akiwa juu. Risasi tunazisikia, kuanguka kwake hatukuoni.

"Amekufa," nilimwambia kaka.

"Umemwona akianguka?" aliniuliza.

Sikumwona. Hakuna aliyemwona.

Kuna pahala pengine katika filamu hiyo ambapo ukumbi mzima ulisimama. Chen anafika kwenye lango la bustani na kukuta kibao kisemacho kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Anakirusha juu na kukivunja kwa teke. Wanahistoria wanatueleza kwamba bustani ile ya Shanghai kweli ilikuwa imefungwa kwa Wachina mpaka mwaka 1928, ila katika sheria zake habari ya mbwa na habari ya watu ziliandikwa mbalimbali. Filamu iliziweka pamoja kwenye kibao kimoja, kama mshairi anavyoubana mkasa mrefu katika mizani minane. Wazee waliokuwa pale ukumbini hawakuwa na haja ya maelezo hayo. Wao waliwahi kupita nje ya vilabu vya wakoloni ambavyo mtu wa rangi yao aliingia kwa kubeba sinia tu. Kibao kilipovunjika Shanghai, walisikia kitu kikivunjika hapa petu.

Kaka yangu alitoka pale akiwa mtu mwingine. Alikata mpini wa fagio vipande viwili, akaviunga kwa mnyororo, na kwa miezi kadhaa alikuwa na nundu kichwani. Baadaye alijiunga na chama cha karate, akakesha miaka mingi akifundishwa, na hatimaye akafundisha yeye. Karate, kama ijulikanavyo, ni mchezo uliotoka Okinawa ukaenea kutoka Japani. Ukutani mwa chumba walimofanyia mazoezi ilitundikwa picha ya Gichin Funakoshi, aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha sanaa hiyo. Kila jioni kaka aliinama mbele ya picha ya Mjapani, na kila alipopata nafasi alikwenda kumwangalia Chen Zhen akiwaadhibu Wajapani. Hakuna aliyemuuliza vipi mambo haya mawili yalikaa pamoja ndani ya kifua kimoja. Mimi mwenyewe sikuuliza.

Swali hilo lilikuja kuulizwa na filamu. Mwaka 1994 mwongozaji Gordon Chan aliisimulia upya hadithi ileile katika Fist of Legend, Jet Li akiwa Chen Zhen, na mapigano yakapangwa na Yuen Woo-ping, ambaye baadaye aliyapanga ya The Matrix ya mwaka 1999. Ilitufikia kwa kanda ya video, picha ikicheza-cheza, tukaiangalia nyumbani kwa jirani. Chen huyu anasoma Japani. Ana mchumba wa Kijapani. Wapo Wajapani waovu, na mwovu wao mkubwa ni jenerali. Lakini yupo pia mzee mmoja bingwa, mwenye murua, anayepigana na Chen uwanjani katika upepo. Vumbi likimwingia mmoja wao machoni, mwenziwe anakataa kulitumia hilo kuwa ushindi. Wanafunga vitambaa machoni wote wawili na kuendelea. Mzee huyo anaitwa Funakoshi.

Kaka hakufika hapo. Mchumba alipoingia na kupewa heshima, aliinuka akavaa makubadhi. Nilimkuta barazani.

"Huyu hana hasira," alisema. "Wamemtoa moyo wakamwachia miguu."

Nilimsimulia mwisho wake: kwamba Chen anakubali kubebeshwa lawama, kifo chake kinaigizwa, na mwenyewe anaondoka zake akiwa hai. Alicheka kicheko cha uchungu. "Yule wa kwanza alilipa. Huyu kalipiwa. Miaka ishirini na zaidi mtu yuko angani, wao wamekwenda kumshusha."

Tangu siku ile nimekuwa na nyoyo mbili. Kwa upande mmoja, sisi watu wa visiwa hivi hatuna sababu ya kuogopa jambo kusemwa mara ya pili. Nyimbo za Siti binti Saad ziliimbwa na Bi Kidude, na hakuna aliyedai kwamba Siti ameibiwa. Katika mashairi, malenga akitunga, mwenziwe humjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na jibu huwa na thamani kwa kuwa la kwanza bado linasikika. Hivyo ndivyo ninavyoiona Fist of Legend: ni jibu. Ya kwanza ilisema, "Sisi si wagonjwa." Ya pili ikauliza, "Naam, na sasa tumepona, tutamtazamaje mtoto wa aliyetutukana?" Swali la pili haliwezi kuulizwa na asiyewahi kusema la kwanza, lakini mtu akibaki na la kwanza peke yake atazeeka amekunja ngumi.

Kwa upande wa pili, soko si baraza la malenga. Mtungaji hujibu kwa kuwa ana neno. Mfanyabiashara hurudia kwa kuwa jina linauza. Mwaka 2010 The Karate Kid ya mwaka 1984 ilirudiwa, ikapelekwa Beijing, mtoto akafundishwa kung-fu na Jackie Chan, na jina likaachwa na karate yake. Habari za kuirudia Enter the Dragon, iliyotoka mwaka 1973 mwezi mmoja tu baada ya Bruce Lee kufariki akiwa na umri wa miaka 32, zimetangazwa zaidi ya mara moja. Kila nikizisikia hujiuliza kama mrudiaji ana la kusema, au amekusudia kulitia maji tembo lililosifiwa. Mwili ule hauna badali. Hadithi inaweza kuazimwa, pumzi haiazimwi.

Miaka michache baada ya ile kanda nilipita kwenye mazoezi ya kaka. Niliwakuta wanafunzi wake wamefungwa vipande vya kanga machoni, wawili wawili, wakisikilizana nyayo. Nilimuuliza zoezi lile amelitoa wapi.

"Nenda kakae na wageni," alinijibu, wala hakugeuka.

Siku hizi goti lake la kulia halikunjiki vizuri, na chama kimeshikwa na vijana. Juzi mwanawe alituletea filamu zote mbili katika simu yake, akaiunga na televisheni, tukakaa watatu. Tulianza na ile ya zamani. Kila kitu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka: bustani, lango, hata kibao chenyewe. Kisha Chen akakimbia, akaruka, picha ikaganda, na milio ikasikika.

"Ami," kijana aliniuliza, "kwani alikufa?"

Nilimwangalia kaka ajibu yeye. Alikuwa ameukazia macho uso ule uliopanua kinywa, mkono wake ukilisugua goti taratibu.

"Ngoja kwanza," alimwambia mwanawe. "Bado hajatua. Tia hiyo ya pili."