Dau la Mnyonge Kituoni

Msomaji anayefungua kitabu cha utamaduni wa taifa hutazamia kukuta humo habari za ngoma na jando, za ususi na uchongaji, za mashairi na vyakula vya wazee wetu. Sisi tunaomba ruhusa tumwongoze mahali pasipo na ngoma wala kinyago, napo ni kituo cha mabasi ya mjini, saa kumi na mbili asubuhi. Tunamwongoza huko kwa sababu utamaduni hauishii katika yale tunayoyafanya siku ya sherehe mbele ya wageni. Namna watu wanavyotendeana wakiwa wengi, wakiwa na haraka, na kitu wanachokitaka kikiwa haba, hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Katika mji wa Dar es Salaam ni vigumu kupata mahali panapolionyesha jambo hilo waziwazi kuliko kituoni.

Tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya sekondari mjini humo. Darasani mwetu alikuwamo msichana wa kidato cha pili aliyechelewa karibu kila siku. Tulimwonya, hakubadilika. Tukampa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya madarasa, naye akafyeka bila ya kunung'unika, kisha akaingia darasani mikono ikinuka majani mabichi na kipindi cha kwanza kimekwisha. Kwa muda wa mihula miwili tuliamini kwamba tunamfundisha thamani ya wakati. Siku moja tulimwuliza kwa ukali huamka saa ngapi. Akajibu kwa sauti ndogo, "Saa kumi, Mwalimu. Saa kumi na moja na nusu huwa nimekwisha fika kituoni." Masomo yalianza saa moja na nusu, na kutoka kituoni kwao hadi shuleni ni mwendo wa nusu saa kwa basi. Hatukumwamini.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kituoni wenyewe, daftari mkononi. Basi la kwanza lilikuja limejaa. La pili lilisimama, lakini konda alikaa mlangoni, akanyosha mkono kama kizuizi, akasema, "Mwanafunzi mmoja tu!" Wenye sare walikuwa kumi na wanane. La tatu lilipoiona sare halikusimama. Lilikwenda kusimama hatua mia mbele, watu wazima wakalikimbilia. Kila basi lililopita tulilitilia mstari mmoja daftarini. Msichana wetu alipanda basi la tisa, na alilipanda kwa kuwa mama mmoja mwenye kapu la samaki alimshika mkono akamwingiza pamoja naye. Tuliporudi shuleni tuliliona fyekeo limeegemezwa ukutani, nasi tukaona haya.

Wahenga wa pwani walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Mabaharia walijua kwamba kukabili upepo kwahitaji chombo imara na tanga zuri, na asiyekuwa navyo hubaki akisukwasukwa na mawimbi ilhali wenzake wanapita. Kituoni mnyonge ni yule asiye na nguvu za kusukumana wala fedha za kumshawishi konda: mwanafunzi mwenye nauli pungufu, mzee mwenye mkongojo, mjamzito, kipofu, mama mwenye mtoto mgongoni. Neno letu katika insha hii ni moja tu, nalo ni kwamba usafiri wa mji hauna budi kupimwa kwa hali ya abiria huyo.

Desturi yetu imekuwa kuupima usafiri kwa kuhesabu magari. Njia yenye magari mengi twasema ina usafiri mzuri. Lakini hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya ubaoni, yatosha kutuonyesha kosa lililomo. Tuseme mabasi sita hupita kituoni kila saa. Yakipita kwa mpango, moja kila baada ya dakika 10, abiria anayefika wakati wowote atangoja kwa wastani dakika 5. Mabasi hayo hayo yakifuatana mawili mawili, jozi moja kila baada ya dakika 20, wastani wa kungoja huwa dakika 10. Magari hayakupungua hata moja, lakini muda wa kungoja umekuwa maradufu. Tena basi la pili katika jozi hupita nusu tupu, maana la kwanza limekwisha zoa abiria wote. Na hayo ni kwa abiria ambaye kila basi humchukua. Kwa anayepanda la tisa, wastani huo hauna maana yoyote.

Watu waliolifikiria jambo hili kwa kina wamekwisha kuvuka hesabu ya magari. Mwaka 1988 wataalamu watatu waliokuwa wakifundisha Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walitoa kipimo cha ubora wa huduma yoyote chenye mafungu matano: hali ya vyombo vinavyoonekana kwa macho, uaminifu wa kutimiza ahadi, wepesi wa kumhudumia mtu, ujuzi na adabu ya mhudumu inayompa mteja imani, na kumjali kila mtu kwa hali yake. Mwaka 2002 nchi za Ulaya zilitoa kanuni ya usafiri wa abiria, yenye namba EN 13816, inayotenganisha ubora wa namna nne. Kuna ubora anaoutarajia abiria, kuna ule ambao mtoa huduma amekusudia kuutoa, kuna ule anaoutoa kwa kweli, na kuna ule ambao abiria mwenyewe anauona. Kazi ya kupima ni kutafuta mapengo baina ya hizo nne.

Tuirudie asubuhi yetu kwa kipimo hicho. Kusudio lilikuwa jema, kwani nchi imepanga nauli ndogo kwa mwanafunzi ili mtoto wa maskini naye asome. Lakini mlangoni mwa basi kusudio hilo halikutimizwa, na nauli iliyowekwa kumsaidia mtoto ndiyo iliyomfanya aachwe. Pengo la namna hiyo halionekani katika takwimu za magari. Huonekana kwa mtu aliyesimama kituoni na daftari.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 lilianzishwa shirika la umma la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ili mji uwe na mabasi yake. Haukupita muda mrefu taifa likaingia katika dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilitugharimu sana, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa adimu. Mabasi yaliharibika yakalala, na watu wakazidi kuwa wengi. Mwaka 1983 Serikali iliwaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini, nayo magari yao yakaitwa daladala. Husemwa kwamba jina hilo lilitokana na nauli ya shilingi tano, ambayo sarafu yake watu waliiita dala. Hatuna budi kuwa wakweli: daladala ziliuokoa mji uliokuwa ukienda kwa miguu. Lakini zilikuja na mpango wao wa kazi, na mpango huo ndio tuliokwenda kuuliza habari zake.

Tulimwendea konda yule yule aliyenyosha mkono mlangoni. Tulimkuta mchana kwenye kivuli akila mihogo, akatuamkia kwa heshima. Tulipomweleza shida yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina ugomvi na watoto. Nami ninaye anayesoma. Lakini jioni tajiri hataniuliza nimebeba watoto wangapi. Ataniuliza hesabu yake iko wapi."

Hesabu, katika lugha ya kazi hiyo, ni kiasi maalumu cha fedha ambacho dereva humpelekea mwenye gari kila jioni, gari likiwa limejaa au likiwa tupu. Ikitolewa hesabu na fedha ya mafuta, kinachobaki ndicho ujira wa dereva na konda. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure. Sasa msomaji atazame jinsi fundo hili linavyokaza kila kitu. Gari hukaa mwanzo wa njia mpaka lijae, kisha hukimbizwa ili limtangulie mwenzake; ndiyo maana mabasi hufuatana mawili mawili kama katika mfano wetu wa ubaoni. Dereva hukatisha njia pale abiria wanapopungua. Na kila mwanafunzi anayeketi humpunguzia konda chakula cha watoto wake. Tumezoea kuwahubiria watu hawa adabu, na adabu ni wajibu wao kweli. Lakini mahubiri hayafui dafu mbele ya mpango unaomtoza mtu faini kila atendapo wema.

Wala sisi abiria tusijitoe lawamani. Ni sisi tunaopita madirishani. Ni sisi tunaolipanda gari likiwa bado linaelekea mwisho wa njia, tukageuza nalo, ili wanaongoja kwa zamu kituoni wakute viti vimekwisha. Tena ni sisi tunaomwona konda akimsukuma mtoto, tukageuza nyuso dirishani kwa kuwa tumekwisha pata nafasi. Jirani huyo huyo kijijini asingekula wali mbele ya mtoto wa mwenziwe bila ya kumkaribisha. Kituo kimetufundisha mila nyingine, nasi tumeishika upesi.

Juhudi zimefanyika. Mwezi Mei mwaka 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka, katika njia zao wenyewe zenye urefu wa kilometa zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Tiketi hukatwa kabla ya kupanda, na jukwaa la kituo limelingana na sakafu ya basi, hivyo mwenye kiti cha magurudumu aweza kuingia bila ya kubebwa. Hilo ni jambo kubwa, kwani limemfikiria mnyonge tangu katika mchoro wa fundi. Hata hivyo njia ya peke yake haiwezi kuondoa msongamano iwapo magari ni haba. Sheria ya mwaka 2019 nayo iliunda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini pamoja na baraza la watumiaji wa huduma hizo, ili abiria awe na mahali pa kupeleka neno lake. Lakini neno hupokelewa vizuri zaidi likija na ushahidi, na ushahidi huo twaweza kuukusanya wenyewe.

Ndivyo tulivyofanya shuleni kwetu. Wanafunzi waliokuwa wakijifunza takwimu waligawanywa wawili wawili, kila jozi ikapewa kituo, saa na daftari. Kwa juma moja waliandika basi limefika saa ngapi, limesimama au halikusimama, limewachukua wenye sare wangapi na kuwaacha wangapi. Hatukuwataka wastani peke yake. Tuliwataka wamtafute aliyengoja kuliko wote, watuambie ni nani na kwa nini. Karatasi zile tulizipeleka kwa wazazi, na wazazi wakawaita madereva na wenye magari wa njia ile. Lilitajwa jambo la ujira wa mwezi badala ya hesabu, na wenye magari hawakulikubali. Lilitajwa pia kwamba upungufu wa nauli ya mwanafunzi ubebwe na jamii yote badala ya konda mmoja, nalo likaonekana ni kubwa kuliko mkutano. Tungali tunaamini kwamba mambo hayo mawili ndiyo kiini cha tiba. Lililopatikana siku ile lilikuwa dogo: kila basi la asubuhi lichukue wanafunzi wachache, na mwalimu mmoja awe kituoni kwa zamu. Halikumaliza shida. Lakini msichana wetu alianza kupanda basi la tatu au la nne, akawahi kipindi cha kwanza.

Tulimwomba radhi mbele ya darasa zima. Kwa mwalimu aliyelelewa kama tulivyolelewa sisi, hilo halikuwa jambo jepesi, na darasa lilikaa kimya kwa muda. Yeye alisimama, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaketi.

Tunawaandikia haya walimu wenzetu na wanafunzi wao. Ninyi wanafunzi, hesabu mnazojifunza zina kazi kubwa kuliko mtihani. Zichukueni muende nazo barabarani, mkatuonyeshe nani anaachwa. Nawe mwalimu mwenzetu, ukiwa na mtoto anayechelewa kila siku, usimpe fyekeo kwanza. Amka mapema siku moja, uende ukasimame naye kituoni, uhesabu mabasi.