Gitaa Usiku, Mtoto Amelala (Sehemu ya 6)

Nimetoka shifti, watoto wamelala. Baada ya posti iliyopita wengi mliniuliza: "Nesi, wewe mwenyewe ulipojifungua ulikuwaje?" Leo nawajibu, ila nitaanzia kwenye gitaa. Msinicheke.

Gitaa nilijifunza chuoni, kwenye kwaya ya wanafunzi wa uuguzi. Nilipojifungua huyu wa pili, likakaa nyuma ya mlango miezi mitatu. Tunaishi vyumba viwili, ukigusa uzi tu mtoto anaamka. Lakini niseme ukweli, hata mtoto akiwa macho sikuwa na hamu nalo. Sikuwa na hamu na kitu chochote. Nalia bafuni, nikitoka nasema niko sawa.

Mdogo wangu wa kiume anarekodi muziki nyumbani kwake. Jumapili moja akaja na gitaa lake la umeme, kompyuta, na kiboksi cha kuviunganisha. Akanivalisha hedifoni. "Dada, piga." Nikapiga uzi, nikasikia kinanda! Akabonyeza kitu, uzi uleule ukawa fidla. Na mtoto amelala palepale.

Inafanyaje kazi? Programu inasikiliza uzi, inatambua noti, kisha inatuma maagizo yanayoitwa MIDI kwa sinthesaiza iliyomo ndani ya kompyuta: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Sauti unayoisikia ni ya sinthesaiza, siyo ya gitaa.

Nyuzi nyembamba zilijibu haraka. Nikapiga ule mnene kuliko yote, sauti ikachelewa. Nikarudia, ikaja noti ambayo sikuipiga. Jamani, nikaanza kulia. Nikasema, "Hata mashine hainisikii."

Mdogo wangu hakucheka. "Inakusikia, dada. Huo uzi unatikisika taratibu." Akanieleza: uzi mnene unatikisika kama mara 82 kwa sekunde, mwembamba kabisa kama mara 330. Programu haiwezi kujua noti mpaka isikie angalau mtikisiko mmoja mzima. Kwa hiyo sauti ya chini inahitaji kusubiriwa zaidi.

Tukarekebisha. Nikapiga kwenye freti ya 12, ambako uzi unatikisika mara mbili zaidi, kisha programu ikaishusha sauti okteva moja. Nikapata besi nzuri kabisa. Nikajifunza kupiga uzi mmoja mmoja na kuzima mingine kwa kiganja, maana hata mkwaruzo wa kidole programu inaweza kudhani ni noti.

Uzuri mwingine kwa sisi wenye watoto: kinachorekodiwa ni yale maagizo. Ukikosea noti, unaisogeza au unaifuta. Mtoto akilia katikati, unaacha, unanyonyesha, unarudi kesho. Bembelezo langu la kwanza nililirekodi kwa vipandevipande wiki nzima: kinanda, besi, fidla, vyote kwa gitaa moja.

Lakini yale maneno ya uzi mnene hayakunitoka. Kliniki tunauliza "mama, unaendeleaje?" huku tunajaza kadi. Anajibu "salama," tunaita mwingine. Na mimi nesi nilikuwa najibu hivyohivyo. Usiku ule nikamwambia baba watoto kwamba siko sawa. Wiki hiyohiyo nikaenda kuongea na mtaalamu, na nikasaidiwa.

Gitaa siyo dawa, naomba tuelewane. Huzuni ya siku chache baada ya kujifungua huwapata wengi. Ikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri hata siku moja.

Na mkitumia hedifoni, sauti iwe ya wastani na sikio moja libaki wazi umsikie mtoto. Yeye msimvalishe.

Sehemu ya 7 nitaongelea baba anavyoweza kusaidia usiku. Wewe je, nani alikusubiri mpaka ukasema ukweli? Niandikie hapo chini, nasoma zote.