Mpwa wangu wa Ohio, nyanya yake wa Lusangi na nchi za zamani za mchezo

LUSANGI – Mmezoea kupata hapa habari za barabara ya Kasongo na Kabambare, za vivuko, za soko na za zone ya afya. Leo naomba ruhusa niandike jambo la nyumbani kwangu. Najua nyumba nyingi za huku zina mtoto aliye mbali, na huenda likawafaa.

Dada yangu alikimbia vita akafika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Mwanawe wa kwanza alizaliwa huko. Alipotimiza miaka sita walipelekwa Marekani, na leo wanakaa Ohio. Kijana sasa ana miaka 15, lakini Kiswahili chake kilibaki na ile miaka sita: maji, chakula, njoo, sitaki. Mama yangu, nyanya yake, hajui Kiingereza wala Kifaransa. Simu ikiingia walikuwa wanasalimiana, kisha kimya, kisha kijana anamrudishia mama yake simu. Mzee ananiangalia, anasema, "Mjukuu wangu ni mgeni."

Mwaka jana dada alinipigia akilalamika. Kijana anacheza mchezo wa kompyuta unaoitwa World of Warcraft, dola 15 kila mwezi, na sasa anataka alipiwe dola 60 zaidi kwa mara moja. Nikaomba niongee naye.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo ulitoka Novemba 2004, umetengenezwa na Blizzard. Maelfu ya watu wanaingia katika dunia moja kwa intaneti, kila mmoja na mtu wake: mpiganaji, mchawi, mganga. Unatumwa kazi, unaua wanyama wabaya, unapeleka ujumbe, na kila kazi inakupandisha kidogo. Mwanzoni ngazi ya mwisho ilikuwa 60. Baada ya kila miaka miwili hivi wanatoa nyongeza: nchi mpya, hadithi mpya, ngazi mpya. Ya kwanza, The Burning Crusade, ilitoka Januari 2007, ngazi zikafika 70. Ya pili, Wrath of the Lich King, Novemba 2008, zikafika 80. Zikaendelea hivyo mpaka 120.

Mwaka 2020 wenye mchezo waliona ngazi zimekuwa nyingi mno. Aliyelala na 120 aliamka na 50. Mpwa wangu aliponieleza nilicheka, nikamwambia Mkongomani haelezwi jambo hilo mara mbili. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilikuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa franka moja ya Kongo. Mtu aliamka vilevile, na unga ukabaki unga.

Sasa zile dola 60. Kijana alikuwa na mtu mmoja aliyekwisha kufika juu, lakini wenzake walihitaji mganga, basi alitaka wa pili. Ukilipa, huyo wa pili anarushwa juu siku hiyo hiyo. Usipolipa, unaanza chini na kupita nchi za zamani kwa miguu. Kuna mlinzi wa wakati anayeitwa Chromie, joka aliyejigeuza mwanamke mfupi, ambaye anakuuliza unataka kupitia zama zipi. Wengi wanachagua njia ya haraka, wanapita bila kusoma neno. Kijana akaniambia, "Mjomba, huko kwa zamani hakuna watu. Wote wako kwa mpya."

Hilo nalo nililijua. Nimeona vijiji vya kwetu vikibaki na wazee na watoto kila inaposikika dhahabu mpya upande wa Namoya na Salamabila.

Mapatano yetu

Nilimpa shauri. Asimwombe mama yake hizo dola. Apite nchi za zamani moja moja, na kila Jumamosi anisimulie alikopita, kwa Kiswahili. Mimi ningetafuta mega. Kwetu saa nne ya usiku, kwao saa kumi ya mchana wakati wa jua lao kali. Ninapanda kilimani, pale mtandao unapokubali, na betri niliyochaji kwa jua. Video inakula mega kama moto wa nyasi, kwa hiyo tulitumia sauti tu. Hapo ndipo faida ilipotokea. Angenionyesha kwa picha, angesema "ona" na basi. Kwa sauti alilazimika kunipeleka.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Jumamosi ya kwanza alitaja nguruwe, akaishiwa maneno. Nikamuuliza: wa nyumbani au wa porini? Mwenye pembe mdomoni? Alikuwa analinda nini? Neno moja likavuta jingine. Katika nchi ya Pandaria, nyongeza ya 2012, alikuta bonde la wakulima ambako wanyama kama sungura wakubwa wanaiba mboga. Nikamwambia kwetu mwizi huyo ni simbiliki, anamaliza mihogo na mahindi, na nyanya yake amepigana naye maisha yake yote bila kupanda ngazi hata moja. Alicheka mpaka dada akaja kuuliza kuna nini.

Siku nyingine alikutana na nyumba zilizoanguka, kuta bila paa. Akaniuliza zinaitwaje. Nikamwambia: matongo. Kisha nikamweleza kwamba neno hilo liko kwenye ramani yetu. Kasongo ya Tippu Tip, iliyotekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, haikuwa mahali pa mji wa leo. Pale pa zamani tunapaita Tongoni. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mjomba, na sisi tuna nyongeza za zamani?" Nikamjibu tunazo nyingi, na kwetu hakuna Chromie, kuna wazee tu.

Aliuliza pia kama kwetu kulikuwa na ngazi. Nikamweleza majirani zetu Warega wa Pangi na chama chao cha bwami, ambacho serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948. Mtu anaanzia chini, anapita kongabulumbu na nyingine zinazofuata, hadi yananio na kindi juu kabisa. Kila hatua ina mafundisho yake, methali zake na vitu vyake, na ndugu wanamsaidia kukusanya mali. Hakuna wa kumrusha.

Thrall na nyanya yake

Jambo kubwa lilitokea katika nchi za nyongeza ya kwanza. Mganga wake ni wa upande wa Horde, ambao miongoni mwao wamo maoki, watu wa rangi ya kijani waliotoka katika dunia nyingine iliyovunjika. Katika bonde la nyasi linaloitwa Nagrand wanaishi maoki waliobaki nyumbani wakati wengine walipoondoka. Kuna kikongwe mgonjwa, Geyah, amelala kitandani. Mchezaji akifanya kazi zake moja baada ya nyingine, anagundua kwamba Thrall, mkuu wa Horde, ni mjukuu wake. Alilelewa na wanadamu, mbali, na hata hilo jina Thrall maana yake ni mtumwa. Jina alilokusudiwa na wazazi wake ni Go'el. Mwishoni Thrall anafunga safari, anakuja kumwona.

Kijana alikuwa anapanda haraka mno na aliogopa wenzake watamvuta juu kabla hadithi haijaisha. Basi akaenda mjini kwa mtu ambaye ukimlipa vipande kumi vya dhahabu ya mchezo, anasimamisha kupanda kwako. Alilipa ili asikue. Wenzake walimngoja mganga wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata sikupanda kilimani peke yangu. Mama alikuja, polepole, na fimbo yake. Nikaweka sauti kubwa, nikamwambia kijana, "Leo msimulie nyanya." Alisimulia. Alitafuta maneno, akakosea ngeli, akasema "yule mutoto" kama tunavyosema sisi, maana amelichukua kwangu. Aliponiuliza neno la mtu aliyenunuliwa, nilimkumbusha: mtumwa. Neno hilo nchi yetu inalijua vizuri. Kiswahili kilitufikia na misafara ya watu wa pwani iliyotafuta pembe na watumwa, na leo ndicho tunachobembelezea watoto.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Huyo mjukuu alimsalimia nyanya yake kwa lugha gani?"

Kijana hakujua. Alisema atatafuta.

Wiki iliyofuata alipiga yeye kwanza, kabla ya saa yetu. Alikuwa amesoma hadithi ya ujana wa Thrall, ile iliyotolewa kitabu mwaka 2001. "Nyanya, alikua na lugha ya wale waliomfunga. Lugha ya kwao alifundishwa akiwa mkubwa, alipowapata watu wake."

Mama akafikiri, akasema: "Basi wewe bado una wakati. Nisalimie tena, pole pole."

Siku hiyo waliongea dakika ishirini, na mega zangu za mwezi zikaisha.

Kwa wenye watoto mbali

Mganga sasa amefika juu, wenzake wamefurahi. Mchezo haukugeuka shule, na dada bado analalamika kuhusu saa za kulala. Lakini kijana ameanzisha mtu wa tatu bila kuombwa na mtu, na safari hii anapita Northrend, nchi ya baridi, kwenye hadithi ya mwana wa mfalme aliyechukua upanga wa laana ili kuokoa nchi yake, kisha akamuua baba yake mwenyewe. Mama amekwisha kutoa hukumu: upanga huo ungeonyeshwa wazee kwanza.

Ushauri wangu ni mdogo. Mtoto wa mbali ukimuuliza "shule inaendaje", atakujibu "vizuri" na kukaa kimya. Muulize kuhusu kile anachokipenda, hata kama hukielewi, na uwe mgeni katika nchi yake. Mgeni ana haki ya kuulizia kila mti. Zima video, mwache aongee. Na kama kuna nyanya hai nyumbani, mpandishe kilimani naye angali ana miguu.

Habari za barabara zitafuata wiki ijayo.